Tarehe Isiyo na Mwaka Imenizulia Wivu

Bi Kazija, mshauri wetu, nakuomba unisaidie kabla sijapasuka, mimi ni karani wa ukumbi wa harusi hapa mjini, nafasi zote naziweka kwenye kompyuta, na Disemba alikuja mama mmoja kumshikia nafasi binti yake Arwa, tarehe 18 Januari, nikachapa 18/1, kompyuta ikaonesha 18-Jan, nikaridhika, basi mwaka ulipoingia wakaja watu wa Chukwani wakaitaka siku hiyohiyo, nikaipanga orodha kwa tarehe, nikatazama huku chini kwenye harusi zijazo, nikaona siku ni tupu, nikawapa, kumbe Arwa yuko juu kabisa pamoja na harusi zilizokwishapita, kwa sababu mashine iliandika 2002 badala ya 2003 bila ya kuniuliza!

Siku ilipofika wapambaji wawili wakakutana mlangoni na maua yao, watu wa Chukwani washapanga viti, mama yake Arwa akalia mbele za watu, harusi ikaishia uani kwao Mlandege, wageni nusu wamekaa nusu wamesimama, na lililonimaliza ni kuwa bwana harusi wa Arwa ni Qais, mtalaka wangu, jina lake nililisikia palepale mlangoni, lakini nani ataamini, mji mzima unasema nimefanya kusudi, nikieleza habari ya kompyuta wanacheka, na mwenye ukumbi, Bwana Tamim, kaniita akaniambia, "Rukaiya, kompyuta haina mtalaka. Sema ulishikwa na wivu, uombe radhi, uendelee na kazi yako." Nikamwambia, "Wallahi sikufanya kusudi." Akasema, "Basi nakupa mpaka mwezi uishe." Nina watoto wawili, Bi Kazija, nikubali uongo yaishe, au nikatae nikakae nyumbani?

Rukaiya, Kikwajuni

Majina ya barua yako nimeyabadilisha, mwanangu, ingawa kwa mji huu sijui kama itasaidia.

Pole, lakini niache na hiyo mashine yako. Uliipa siku na mwezi, mwaka hukuipa, nayo ikachukua mwaka wa siku ile ulipokuwa unachapa. Ingefanya nini? Hapa gazetini na mimi nachapa, najua kisanduku kinaonesha siku na mwezi tu, lakini ungekibonyeza ungeiona tarehe nzima na mwaka wake kwenye mstari wa juu. Hukubonyeza! Na mama wa watu alikaa mbele yako Disemba, Januari ushamsahau?

Kuwa hukujua Qais anaoa, nakuamini. Mwenye wivu angeikariri tarehe ile.

Basi kukiri wivu usiokuwa nao nakukataza. Kazi utabaki nayo, na watoto wako watalisikia neno hilo kila harusi watakayokwenda. Mketishe Bwana Tamim mbele ya kompyuta, bonyeza jina la Arwa, auone huo 2002. Kisha chapa 31/12, mwambie ni harusi ya mwezi uliopita, aone inavyorukia Disemba ijayo. Akishaacha kucheka, nendeni pamoja kwa mama yake Arwa. Kompyuta usiitaje. Sema, "Mama, nlikosa, sikuhakikisha," unyamaze, akupe maneno yake yote.

Ukitoka huko rudi kazini moja kwa moja, upitie kila nafasi uliyoichapa kabla ya mwaka kuingia, uiandikie mwaka wake kamili. Huenda yuko bibi harusi wa Februari anayeshona nguo zake saa hizi, na kwako keshaolewa mwaka jana.

Bi Kazija