Mpangaji Aliyeambiwa Unahamia Masaka

Kibagabaga, Kigali
Jumapili

Dada Koku,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Daktari amekuruhusu kurudi shambani, au umejiruhusu mwenyewe kama kawaida yako? Mimi mwili ni mzima. Kinachonisumbua ni hasira, na safari hii ina sababu.

Ni ile nyumba yetu ya Masaka, hapahapa Kigali. Mwezi uliopita nilikwambia kwamba mpangaji wetu, Mama Keza, hana adabu, nawe ukasema atoke. Yale maneno yafute. Sikuyasikia kwake, niliyasikia kwa Callixte, dalali wetu.

Tangu aingie, miaka miwili sasa, sijawahi kuonana na yule mama. Callixte aliniambia hajui ila Kinyarwanda, na changu unakijua, kinaishia kwenye salamu. Basi yeye ndiye aliyepeleka na kuleta maneno. Mfereji wa paa ulipoanza kuvuja, nilimtuma ampe pole, amwambie fundi anakuja. Akarudi na jibu: "Mzee, huyu mama iko na kichwa ngumu. Anasema kodi halipi, na kama hautaki, ukuje umutoe wewe mwenyewe." Nikawaka. Nikampa notisi ya mwezi mmoja, kupitia kwa Callixte huyohuyo.

Jana alfajiri nilikwenda kuupima ule mfereji, nikasahau kabisa kwamba ni Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Nilipokuwa bado napima, pikipiki zote zilisimama na mtaa mzima ukatoka na majembe. Nikapewa langu, nikaingia mtaroni karibu na mama mmoja mwenye kitenge cha kijani. Simu ikalia, nikaongea kidogo, na nilipoikata akaniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka, "Kaka, wewe si mtu wa Kagera?" Kumbe amezaliwa na kusomea Karagwe. Tukacheka, tukakumbushana ndizi za huko. Nikamuuliza anaishi wapi. Akaelekeza mpini kwenye paa letu.

"Ila nahama wiki ijayo," akasema. "Mwenye nyumba ni Mtanzania, mkali huyo. Hata salamu hapokei. Sasa dada yake anahamia."

Nikamuuliza kama amewahi kumwona.

"Nimwone wapi? Anasema na watu kwa dalali tu, kama mfalme."

Nikamwambia mfalme mwenyewe ndiye huyu, ana tope hadi magotini. Hakucheka.

Palepale mtaroni tukaanza kulinganisha. Alikuwa ameomba anunue mfereji mwenyewe, tumkatie kwenye kodi. Kwangu ikafika kwamba hataki kulipa. Pole yangu ilimfikia kwamba aliyechoka na mvua ahame. Notisi ilimfikia kwamba wewe ndiye unayehamia. Callixte analipwa kila mpangaji mpya anapoingia. Anayekaa hamfaidii kitu.

Utasema nimfukuze. Nimeshamfukuza, naye akanung'unika kwamba wenye nyumba wote anaowahudumia wanapenda hivyo. Hilo ndilo linalonichoma, dada, maana hakusema uongo. Sisi tunaonunua nyumba ya pili tunanunua pia mtu wa kutukinga tusimwone anayelala ndani yake. Tunauita usimamizi, na ni woga mtupu. Kisha tunakaa barazani kulalamika kwamba wapangaji wa siku hizi hawana utu.

Mama Keza nilimwomba abaki. Nyumba aliyopata iko mbali, ng'ambo ya Nyabugogo, na mwanawe Keza anasoma hapo Masaka. Akanijibu taratibu: "Wewe nimekusikia, kaka. Ila miaka yote hii nimeambiwa maneno yako, na leo naambiwa mengine. Huyo dada aniambie mwenyewe kwamba haji."

Nikamwomba namba yake ya simu.

Ningekupigia simu, lakini ungenikatiza na tungegombana. Barua hii nampa dereva wa basi la Bukoba, utaipata kesho. Gari la mizigo linakuja kwa Mama Keza Alhamisi. Namba yake iko nyuma ya karatasi.

Msalimie shemeji, na baba mdogo ambaye bado ananidai mjadala wa Krismasi. Wapwa zangu wabusu wote.

Mama Keza mpigie wewe, kwa mdomo wako. Usinitume mimi nimfikishie.

Mdogo wako,
Rwega