Kabari ya Goti la Tonton Ramazani

Tonton,

Wamemrudisha Shangazi, mashine yako, wiki hii. Wamemvuta kutoka kule kwenye mteremko wa ajali mpaka depo yetu hapa Lubunga, ubavu mmoja umebonyea, kioo cha upande wako hakipo. Wamemweka kwenye reli ya nyuma, karibu na gofu la dada yake. Nilikuwa napiga randa ubao wa sakafu ya behewa. Nikaacha kazi, nikaenda nyuma ya stoo, nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Ungeniona, mjomba, ungenicheka mpaka Ijumaa.

Sijui barua ya marehemu hupelekwa na nani. Ila kuna neno limenikaa kooni tangu siku tuliyokuzika, na leo asubuhi navuka mto kwenda kulisema mbele ya wakubwa wa reli. Nataka ulisikie wewe kabla yao.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinisimulia habari za Shangazi mchana, tukila kwanga ya muhogo na samaki? Alivyopandishwa mto kutoka Kinshasa juu ya baji ya mizigo, rangi yake ya njano bado inanuka, na watu wa bandarini wakampigia makofi kama bibi harusi. Kati ya vichwa vya treni vya dizeli, ndiye wa kwanza uliyewahi kumwendesha. Dada yake, mashine kama yeye, alikuja naye, akaharibika mapema, na tangu hapo kila kilichokufa kwa Shangazi tulikitoa kwa dada: pampu, taa, hata honi. Vijana wakimkanyagia mafuta kwa pupa uliwashusha kitini. "Shangazi iko ya kubembeleza," uliwaambia, "haiko ya kukimbiza."

Halafu ikakatika ile springi ya pedali. Wewe unaijua pedali kuliko mimi, lakini vumilia niieleze kama nitakavyowaeleza wao. Dereva anaikanyaga safari nzima. Akizimia au akifa, mguu unalegea, pedali inapanda, na breki zinajifunga zenyewe. Springi ya dada yake ilikuwepo, nzima, lakini nyigu walikuwa wamejenga ndani ya kabini yake na hakuna mtu depo aliyetaka kuingia. Hata mimi sikutaka. Mafundi wakaweka springi nene ya behewa, na kuanzia siku hiyo ukawa unakanyaga kama mtu anayezuia mlango usisukumwe. Kutoka hapa mpaka Ubundu ni siku nzima, na goti lako la kulia lilikuwa tayari limechoka na dunia. Jioni ulishuka kwa kushikilia chuma kwa mikono miwili, na mkeo Mama Zaina alilikanda kwa maji ya moto na mafuta ya mawese huku akimlaani Shangazi kama mke mwenza.

Basi nikakuchongea kabari. Hukuniomba, Tonton, hilo nitalisema wazi. Nilichukua kipande cha ubao mgumu wa afromosia kilichobaki kwenye mlango wa behewa, nikapima nafasi kati ya pedali na bomba lililo juu yake, nikakichonga, nikakipiga msasa kikawa laini. Ukiisukuma pale, pedali inabaki chini bila mguu. Uliigeuza mkononi.

"Charpentier, hii kitu haiko muzuri," ulisema, maana ndivyo ulivyoniita mimi seremala wako. Kisha ukanyoosha mguu taratibu, ukafumba macho. "Lakini goti inakushukuru, mon petit, mwanangu."

Nilitembea kwa maringo siku hiyo yote. Nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Siku ya ajali aide wako, yule msaidizi wa kabini, alikuwa amekwenda nyuma kukaza kamba za mzigo. Zamani asingethubutu kukuacha peke yako, lakini kabari ilikuwa imetuzoesha vibaya sote. Anasema alikuwa anangoja honi yako. Kabla ya ule mteremko, penye makaburi alikolala mama yako, ulipiga honi mara mbili kila safari, kumsalimu. Siku ile treni ilipita makaburi kimya. Ikashika mteremko bila breki, na kwenye kona Shangazi akalala ubavu, na mabehewa mawili yakamfuata. Mama Véro aliyetuuzia kwanga alikuwemo kati ya waliokufa, na binti yake. Hao wengine nimejaribu kuwaandika, Tonton. Nimeshindwa.

Nilikuja na kiberenge cha kwanza cha kuokoa watu, na mimi ndiye niliyeingia kabini kwanza. Ulikuwa umeinamia upande, huna jeraha, uso umetulia. Kabari ilikuwa bado imeshika pedali. Niliichomoa, nikaitia mfukoni. Nilijiambia nakulinda, kwamba wakiiona watasema Ramazani alivunja sheria. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine nilikuwa najilinda mimi, maana pale depo kila mtu anaujua mkono wangu kwenye mbao.

Sasa sikia nilichokufanyia. Watu wa uchunguzi walikuta pedali haina kitu. Wakasema mfu hakanyagi pedali. Kama breki hazikujifunga, basi mguu wa dereva ulikuwa juu yake na dereva alikuwa hai, na dereva aliye hai akiacha treni iteremke hivyo, huyo alikuwa amelewa. Wewe, uliyekuwa ukihama njia ukisikia harufu ya lotoko, ile pombe kali ya kienyeji. Neno likavuka mto kabla ya jioni. Arobaini yako ilisomwa mbele ya watu wachache mno, na mikeka mingi ilibaki imekunjwa. Ndugu za Mama Véro walikuja wakasimama mlangoni, wakaondoka. Mama Zaina sasa anakwenda soko la mbali, ambako hawamjui.

Mimi najua ulikuwa umekwisha kufa kabla ya makaburi. Usingepita kwa mama yako bila kumsalimu. Na Shangazi, pamoja na uzee wake wote, alikuwa na njia ya kusimama mwenyewe siku utakayoondoka. Mimi ndiye niliyemfunga mikono. Nisamehe. Sijui kama ni neno la kutosha, lakini sina jingine.

Jana nilikwenda kwako. Niliiweka kabari juu ya mkeka mbele ya Mama Zaina, nikamweleza yote, hata ile ya mfukoni. Aliichukua.

"Ulitengeneza hii juu ya nini, sababu gani?"

"Juu ya goti yake, Mama."

Aliniambia angekuwa na nguvu angenipiga, nami ningekaa nipigwe. Akalia, na mimi nikalia. Baadaye akaenda ndani, akarudi na kile kitambaa alichokuwa akikukandia, akaifunga kabari ndani yake, akanirudishia.

"Kesho enda useme," alisema. "Usifiche kitu. Na goti, useme. Wajue bwana yangu alikuwa anaumwa, hakukuwa mulevi."

Watanifukuza kazi, na huenda wakanifunga. Naogopa, sikufichi. Lakini juzi dereva wa ile mashine nyingine iliyobaki depo alinijia kwa siri, naye ana goti, akitaka nimchongee kama yako. Nilimwambia hapana. Nikafukiza nyigu kwa moshi, nikaingia kabini ya dada yake Shangazi, nikaifungua ile springi. Ilitoka kwa spana moja. Nimempa fundi mkuu mkononi, aiweke kwenye mashine ya huyo dereva. Nyigu wameniuma shingo na sikio, si kitu.

Pirogi, mtumbwi wa kuvukia, inaita abiria. Kwaheri, Tonton Ramazani. Lala karibu na mama yako bila aibu. Nitawaambia ni nani aliyechonga, ni nani aliyeficha, na kwamba wewe hukuwahi kuonja hata tone. Na goti nitalisema.

Ni mimi,
Charpentier wako