Gari Jeupe la Ndugu Watatu

Jumatatu, 14 mwezi wa sita 1954

Idi imepita, nyama imekwisha, na wanaume wa nyumba hii walikuwa wanatafuta la kufanya. Wamelipata. Tunanunua gari!

Kasimu, mume wangu, ametangaza wakati wa kula, mdomo umejaa. Yeye na ndugu zake wawili — Yaya Hemedi, tunamwita yaya kwa kuwa ndiye mkubwa wao, na Moustapha, mdogo wao — wamechoka kupeleka vitambaa na chumvi kwa baiskeli. Wanataka gari la kuondoka nalo hapa Kasongo wakae barabarani miezi na miezi. Kabambare, Salamabila kwa watu wa dhahabu, Fizi, mpaka ziwani. Gari kubwa, lenye nafasi, lisilokufa njiani. Nikasema vizuri sana. Nikauliza: na mimi?

Kwa maana binti yetu Faida yuko huko, kijiji kimoja kupita Kabambare, na ana mimba yake ya kwanza. Kwetu mtoto wa kwanza anapokewa na bibi mzaa mama. Mikono ya kwanza kumshika ni yangu, basi. Mume wake Heri, monita wa pamba, yule anayesimamia mashamba ya watu, hakukubali aje kujifungulia hapa, eti njia ni ndefu. Haya, nitakwenda mimi. Kamyo ya Mreno inapita huko kila mara, lakini Kasimu hataki kusikia: mke wake apande juu ya magunia kama mbuzi? Leo ameniahidi mbele ya ndugu zake. "Mama Faida, safari ya kwanza ya gari iko yako. Mungu iko anasikia."

Mungu amesikia. Mimi pia nimesikia, na mimi sisahau.

Jumatano, 16 mwezi wa sita

Wamekwenda kuangalia kamyo ya yule Mgiriki anayefunga duka arudi kwao. Nimewafuata kwa kisingizio cha kununua sabuni.

Hakuna aliyeangalia moteri! Hata mmoja! Yaya Hemedi alipanda mbele, akakaa, akatandaza kanzu yake. Moustapha akapanda. Kasimu akapanda — nusu yake tu, nusu nyingine ikabaki nje na mlango ukagoma kufunga. Basi shauri zima likawa hapo. Yaya Hemedi ni mkubwa, lazima akae mbele. Moustapha ana ile kadi ya Wabelgiji inayosema amestaarabika, na mtu mwenye kadi hawezi kukaa nyuma pamoja na chumvi. Kasimu ndiye aliyeleta wazo la gari, je, atupwe nyuma na wazo lake? Mgiriki aliwasikiliza kwa heshima, kisha akauliza kama litaendeshwa na malaika. Shofere walikuwa wamemsahau kabisa.

Nyuma ya kamyo ile unaweza kupakia nyumba nzima na mlango wake. Lakini wamerudi wakisema ni mbovu. "Nafasi hakuna," amesema Yaya Hemedi. Wamepima gari zima kwa makalio.

Ijumaa, 18 mwezi wa sita

Baada ya sala ya Ijumaa baraza letu lilijaa. Kila mtu ni fundi sasa. Jirani yetu Assumani, ambaye hata baiskeli anaazima, amewafundisha habari za gia kwa saa nzima. Wamemshukuru. Nimepika kahawa mara tatu na habari ya safari yangu haikutajwa hata mara moja.

Jumapili, 20 mwezi wa sita

Leo kamioneti ya misheni. Mapadri wanaiuza, imetunzwa vizuri, inang'aa. Moteri wameisikiliza safari hii — Kasimu aliinamisha kichwa kama anayemsikiliza mgonjwa — wote wakakubali ni nzima. Nikaanza kukunja nguo zangu.

Nimezikunjua. Mlangoni kuna msalaba.

"Tutaingia Kabambare watu waseme tumebatizwa?" Yaya Hemedi ameuliza. Rafiki yangu Marie-Thérèse, Mkatoliki wa nyumba ya pili, alikuwa amekaa nami uani. Aliwajibu kwa kicheko kwamba msalaba wenyewe ni rangi tu, mutapangusa kwa petroli. Yaya Hemedi akasema rangi ya mapadri haitoki, mvua ikinyesha inarudi. Moustapha akasema Kifaransa fulani. Hakuna aliyeelewa, na nadhani hata yeye hakuelewa.

Tena mbele wanakaa wawili. Hilo ndilo hasa, lakini msalaba una heshima zaidi kuutaja.

Alhamisi, 24 mwezi wa sita

Mwanamke mmoja wa Kabambare, anaitwa Régina, amekuja kuuza karanga sokoni. Ameniletea salamu kwa mdomo. Tumbo la Faida limeshuka. Anatembea ameshika kiuno. Kila gari likipita barabarani anatoka nje kuangalia. "Anauliza: mama yangu anakuya siku gani?"

Nililia pale pale, mbele ya karanga za watu.

Nyumbani niliwakuta baraza wanazungumzia matairi. Nimewapikia sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, bila mafuta, bila samaki. Wamekula mpaka mwisho. Hawakuuliza kitu, kwa hiyo wamejua.

Jumamosi, 26 mwezi wa sita

Wamenunua!

Ni lile gari la daktari wa serikali, lile lililokuwa linakwenda vijijini kwa ajili ya ugonjwa wa usingizi. Serikali imeletewa jipya, hili inaliuza. Jeupe, refu, lina madirisha madogo. Nyuma kuna mabenchi mawili na kitanda cha mgonjwa, na godoro lake! Makanika wa serikali alikuwa analifungua kila wiki, halijawahi kulala njiani. Lakini hayo nimeambiwa na Faradji, shofere wake, mtu mpole, aliyeliendesha tangu likiwa jipya na sasa amekuja nalo kama sufuria na mfuniko wake. Mume wangu hakuniambia habari ya makanika. Ameniambia habari ya kiti.

"Mbele wanakaa wane! Wane, Mama Faida! Na kanzu yao!"

Na honi. Ina sauti mbili, moja juu, moja chini, na inasikika ng'ambo ya mto. Jioni wamezunguka mji mzima wakiipiga, ndugu watatu wamejipanga mbele kama meno, Faradji amebanwa mlangoni anaendesha kwa mkono mmoja. Marie-Thérèse alitoka nje mbio. "Nani anakufa?"

Nimeuliza tunaondoka lini. Kwanza wajaribu soko la njia ya Nyangwe, amesema. Mara moja tu. Ahadi ya mume wangu imeanza kuchanganywa na maji.

Jumatano, 30 mwezi wa sita

Wamerudi. Vitambaa vyote vimerudi. Chumvi yote imerudi.

Kasimu amenisimulia kidogo kidogo, kati ya kikombe na kikombe. Kijiji cha kwanza: moto unawaka, chungu kiko motoni, mtu hakuna. Kuku tu. Wakadhani kuna msiba mahali. Kijiji cha pili, hivyo hivyo — mlango mmoja bado unacheza. Cha tatu, wakamkuta mzee mmoja wa miguu mibovu, ameshindwa kukimbia na wenzake. Alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, amekunja shati mpaka begani, amefumba macho, mkono ameunyoosha. Kasimu akamwambia tumeleta vitambaa. Mzee akamwomba asimchome mgongoni, mwaka jana alichomwa mgongoni akalala wiki nzima. Moustapha akaona bora amtulize kwa Kifaransa. Mzee akapata miguu!

Sasa ndipo wanakumbuka. Sisi watu wa mjini tunakwenda hospitali wenyewe, tumevaa vizuri, tunasalimiana na daktari. Gari lile tulikuwa tunaliona limesimama kivulini, zuri, safi. Vijijini lilikuwa linafika na polisi. Wanaume, wanawake, wenye mimba, wote mstari mmoja, na sindano ndefu ya mgongo. Faradji amesema kwa upole wake kwamba daktari ndiye aliyeamuru honi ipigwe kabla ya kila kijiji, ili watu wajipange. Watu walikuwa wanajipangia porini.

Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. "Mama, hawakuniuliza. Waliuliza kiti."

Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikakumbuka Faida na kicheko kikakatika.

Ijumaa, 2 mwezi wa saba

Dawa imepatikana: rangi. Lipakwe rangi, watu hawatalijua. Yaya Hemedi anataka kijani, kwa dini. Moustapha anataka buluu kama gari la Bwana mkubwa wa teritwari. Kasimu anataka nyekundu kwa sababu wao wawili hawaitaki. Tangu asubuhi! Assumani naye ameitwa atoe shauri.

Nimetoka ndani nikaja barazani. Sijawahi kufanya hivyo mbele ya Yaya Hemedi tangu niolewe. Nikasema, samahani, shemeji, mimi sina kitambaa cha kuuza. Watu wakikimbia, wakimbie, mimi sitaki soko, nataka mtoto wangu. Gari jeupe linatembea, la kijani halijazaliwa. Kisha nikaenda nikapanda nyuma, nikakaa juu ya godoro na kifurushi changu, nikafunga mlango.

Walikuja mmoja mmoja kunibembeleza dirishani. Kasimu alikuwa wa mwisho. "Mama Faida, shuka. Watu wanaangalia." Nikamwambia Mungu naye anaangalia, ulimwita mwenyewe.

Jumatatu tunaondoka.

Jumatatu, 5 mwezi wa saba

Barabarani! Naandika herufi zinaruka.

Wote wamekuja. Hakuna aliyekubali mwenzake afike kwa wakwe akiwa peke yake mbele. Kwa hiyo wamekaa wanne, goti juu ya goti, vumbi lote linaingia kwao, jua linawapiga usoni, na hakuna anayeweza kujikuna bila ruhusa ya mwenzake. Mimi nyuma nina mabenchi mawili, godoro, mito, mtungi wa maji na ndizi. Nimelala. Nimeamka. Nimenyoosha miguu. Nimelala tena. Heshima ya mbele wabaki nayo.

Na gari ni zuri kweli, sitasema uongo. Mashimo linayapita kama halijayaona. Kilima cha mawe ambapo kamyo ya Mreno inasukumwa na abiria, hili limepanda huku linaimba. Kwenye kivuko wavuta kamba walikimbia, tukangoja mpaka wakachoka kujificha. Faradji amekatazwa honi. Mkono unamwenda wenyewe, nauona, anaukalia.

Nimembebea Faida kitenge laini cha kumpokelea mtoto. Nimekifua mara mbili. Furaha imenijaa kifuani mpaka naogopa kuisema kwa sauti.

Jumatano, 7 mwezi wa saba

Tumefika. Naandika nimekaa kizingitini kwa Faida.

Tulipokaribia, kona ya mwisho, nilisikia wamesimama kubishana. Yaya Hemedi alikuwa anasema kwa wakwe hakuingiwi kimya. Ni kweli, kwetu lazima ubishe mbali, upige hodi kubwa, wakwe wajiandae, wakunjue mikeka. "Tuingie kama wezi? Piga honi." Nikagonga ubao kwa ngumi mbili. Nikapiga kelele. Faradji alikuwa amekwisha kupewa amri, na ya aina ile aliyoizoea. Alipiga mara tatu, juu na chini, juu na chini.

Nilisikia kijiji kinakimbia. Sijui kuielezea sauti ile. Miguu mingi, hakuna anayepiga kelele.

Nyumba ni tupu. Sufuria ya maji ya moto iko jikoni, maji bado yana mvuke. Wembe mpya juu ya sahani. Mkeka umevutwa kutoka chumbani mpaka nje, alama yake iko mchangani na inaingia kwenye shamba la muhogo. Wamembeba. Walikuwa naye katikati ya uchungu na wamembeba! Kofia ya Heri iko njiani, ile ya kimonita. Heri, ambaye watu wa vijiji vyote hivi wanamkimbia yeye akija kuhesabu pamba, leo naye amekimbia.

Niliita. "Faida! Ni mama yako! Mama yako wa Kasongo!" Majani yakatikisika. Sauti ya mwanamke mzima ikanijibu, labda mkunga, sauti ya mtu asiyedanganyika tena: "Ni vile munasemaka! Yule wa sindano wa mwaka jana naye alisema iko mama ya watu!"

Nikipiga hatua, majani yanasogea mbele. Nikipiga nyingine, yanasogea tena. Wana mgonjwa, nisiwakimbize. Nimerudi nimekaa. Nimewaambia wanaume warudishe gari mpaka kule konani, lisionekane. Yaya Hemedi anasema mkwe ndiye atakayekuja kuwapokea, wao hawawezi kurudi nyuma, itakuwa aibu. Wamekaa mbele, wanne, wanangoja kukaribishwa.

Mtoto! Nimemsikia! Analia, mbichi kabisa, sauti nyembamba, kule ndani ya muhogo. Mungu wangu, mjukuu wangu! Yuko hai. Na Faida? Nimesimama, nimekaa, kitenge kiko mkononi.

Amelia tena, kidogo tu. Kuna mtu amemziba mdomo, ili mimi nisimsikie.