Kitenge cha Majogoo

Mama Neema,

Habari za huko? Goma ni mvua, mawe meusi ya volkano na dagaa wa ziwani, wanaowaita sambaza, asubuhi na jioni.

Kazi yangu ni ile ile. Nawaeleza wanaume kwamba kutahiriwa kunapunguza hatari ya kupata VVU, hakuiondoi, kwa hiyo kondomu zibaki. Kwa kuwa suruali itabana, kila mmoja anakuja na kitenge cha mkewe cha kurudia nyumbani.

Leo Papa Bahati, mfugaji wa Masisi, alinisikiliza hadi mwisho, kitenge kwapani. Kisha akauliza, "Na wewe, dokta, ulishatahiriwa?"

Nikasema bado. Wawili kwenye benchi wakainuka kwenda zao.

"Mukae," Papa Bahati akawaambia. "Dokta ndiye ataanza."

Wakakaa. Nikaanza.

Pikipiki nimekatazwa, basi nimerudi nyumba ya wageni kwa miguu, taratibu sana. Wiki sita utanivumilia. Nibusie watoto, usiwaeleze kitu.

Kile kitenge chako cha majogoo ulichofungia viatu vyangu, ndicho nilichovaa.

Baba Neema