Wewe Uliyeendelea Kuniita Mama Elia

Mama Tumaini, mwenzangu,

Tumekuzika Rujewa Jumamosi, jirani na mama yako, kama ulivyotaka. Jua lilituchoma sisi watu wa baridi, nikakumbuka ulivyonicheka nikivaa sweta mbili hapa Iringa. Chakula kilitosha. Wali ulikuwa wa mchele wa huko huko kwenu, na ungeusifia mpaka tukuzibe mdomo.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limetokea makaburini, na wewe ndiye uliyelianzisha.

Unaikumbuka ile picha. Elia wangu, mzaliwa wa kwanza, huko Ulaya alikokwenda kusoma, amevaa suti, ameshikana mkono na mume wake. Ikaingia kwenye grupu la kwaya kabla hata mimi mama mtu sijaitazama vizuri. Jumapili ile mahubiri yakawa juu ya ndoa hizo, na shingo zikanigeukia. Sikufukuzwa, hapana. Walinibadilisha jina tu. Miaka yote naitwa Mama Elia. Ghafla nikawa Mama Neema, kwa jina la binti yangu mdogo, kana kwamba yule wa kwanza sikumzaa. Aliyeanza ni Mama Joshua, niliyeimba naye sauti ya pili bega kwa bega. Eti ananisitiri. Bora angenitukana.

Halafu wewe, kesho yake sokoni. Ulisimama nyuma ya magunia yako ya mchele ukapaza sauti kunisalimu Kihehe hadi wauza dagaa wakageuka: "Mama Eliaaa! Kamwene!" Nilitamani ardhi inimeze. Nikaacha viazi vyangu nilivyokuwa nauza, nikakukimbilia nikunyamazishe, ukanijibu, "Ndoa hiyo siiafiki, na sitaiafiki mpaka naingia kaburini. Biblia yangu naijua. Lakini mtoto ulimzaa wewe, na mimi nilikuwepo. Sasa nikuite nani, Mama Viazi?"

Nilicheka huku nalia. Na kweli hukuiafiki. Tulibishana weee, kuna wiki tulinuniana kabisa, ukasema maneno yaliyoniuma na mimi nikakurudishia. Lakini hata uliponinunia uliniita kwa jina langu. Na Elia akipiga simu ulikuwa unanipokonya: "Umekula, baba? Huko ugali upo?" Mwanangu alikata simu anacheka. Asante kwa hilo. Asante sana, mwenzangu, maana wakati ule hakuna mwingine aliyemuuliza kama amekula.

Sasa makaburini. Wakati wa kuweka mashada, mshereheshaji akatangaza kwa spika: "Rafiki wa marehemu, Mama Neema." Nikabaki nimesimama na shada langu mkononi. Akarudia. Sikusogea, Mama Tumaini. Nikajiambia, kwa huyu, leo, siendi kwa jina hilo. Watu wakaanza kunong'ona, mchungaji akaangalia saa. Nikaona tayari nitarudi Iringa bila kukuwekea hata ua moja, machozi yakanitoka.

Ndipo Mama Joshua akatoka kwenye mstari wa kwaya. Hakunitazama. Akamwambia mshereheshaji, "Mwite Mama Elia. Marehemu alimwita hivyo."

Nikaitwa. Mama Elia, kwenye spika, Rujewa nzima inasikia! Nikaja nikakuwekea shada lako.

Usidhani tumepatana. Kwenye basi la kurudi alinishikia siti, tukapita Igawa, tukafika Makambako, ndipo akaniuliza kama nina maji. Nikampa chupa. Ndoa ile naye haiafiki, kama wewe tu, na sitegemei abadilike. Lakini aliporudisha chupa alisema, "Asante, Mama Elia," na hapo hapakuwa na spika wala mtu aliyekuwa anatusikiliza.

Elia nilimsimulia, akalia kama mtoto. Anakuja Desemba, na la kwanza aliloomba ni kufika kwako. Nakuahidi, nitamleta mwenyewe. Tutapalilia majani, tutakaa chini, halafu mimi nitasogea pembeni mmalize maongezi yenu ya ugali.

Haya, mama, pumzika, na huo mdomo nao upumzike. Umeniita vya kutosha. Kuanzia sasa, anayeuliza mimi ni nani nitamjibu mwenyewe, kwa sauti ya sokoni.

Ni mimi,
Mama Elia