Mnara wa Ukumbini

Mkunazini, Mji Mkongwe
Ijumaa, baada ya Alasiri

Kwa ndugu yangu Mwanakheir binti Turki, Chwaka.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Marahaba. Najua shikamoo hujanipa bado, lakini naichukua mapema, maana ukifika katikati ya barua hii utakasirika na hutonipa tena. U hali gani? Mgongo vipi, na mwani, na yule jogoo wako anayewika saa anazozitaka mwenyewe? Mimi ni mzima wa kusema alhamdulillahi: nakula, nalala, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Magoti yananung'unika kila nikipanda ngazi, na ngazi za nyumba hii unazijua, aliyezijenga alikuwa na ugomvi na wazee.

Mwandiko usiucheke. Nimeweka rula chini ya kila mstari na bado maneno yanatoroka. Skuli mimi niliishia pale ulipoishia uvumilivu wa mwalimu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako, bibi wee, unaiweka sauti ya juu mpaka Chwaka nzima inaniitikia salamu. Na huku kwangu masikio ya Riyama yamo kila chumba. Kwa hivyo nimempa Mkubwa, yule muuza pweza, akuletee mkononi. Nimeibandika kwa gundi. Ukiikuta imefunguliwa, pweza wake usinunue tena.

Habari yenyewe ni ya huyo huyo Riyama. Unajua alikwenda bara kusomea urubani, na wewe ukasema mwanamke wa Kiunguja ataendeshaje ndege na kwenye bembea ya Idi alikuwa akitapika. Basi alikuwa anaendesha vizuri tu. Mwalimu wake, Suhaib, alinipigia simu akaniambia mikono ya binti yangu haina tatizo, tatizo ni mdomo. Akiitwa na mnara wa uwanja kwenye redio, anajibu naam, kisha kimya. Akiambiwa shuka, anashuka, kimya. Akiambiwa zunguka kushoto, anazunguka, kimya vile vile. Na huko juu rubani akiambiwa jambo anatakiwa aliseme tena kama alivyoambiwa, ili mnara ujue kasikia sawa, na wenziwe walioko angani nao wajue anakwenda wapi. Suhaib akasema anamrudisha nyumbani kwanza akajizoeze, na akirudi na ule ububu wake, nafasi atapewa mwengine.

Mimi nikacheka. Halafu nikajiuliza, kamfundisha nani? Nyumba hii mtoto akiitwa na mkubwa husema naam, akatumwa, akainuka akenda. Hasimami kusema ati nimetumwa maji ya kunywa kwenye gilasi. Kuyarudia maneno ya mkubwa ni kumuigiza. Marehemu mke wangu Biasha alimfinya kwa kosa hilo siku moja, nawe ulikuwepo, ukamwambia mama mtu amfinye tena, mara ya kwanza hakushika vizuri. Sasa ndege inataka kile kile alichofinyiwa.

Basi kaja na kompyuta na kijiti cha kuongozea, kavipanga ghorofani chumba cha mama yake. Humo anarusha ndege isiyokuwepo juu ya Unguja isiyokuwepo. Anaruka kwa macho, ndivyo wanavyoita: anatazama nje na kujua alipo kwa kile anachokiona chini. Safu za mikarafuu ya Kizimbani zimo, ghuba yenu imo, bahari ya Paje imo. Wewe humo. Na Mji Mkongwe, kaniambia huku anacheka, ni maboksi ya kijivu tu, hakuna mtu, hakuna nguo zilizoanikwa, hata nyumba yetu haimo. Nikamwambia mji usiokuwa na jirani wa kuazima sukari ndio wa kuhamia.

Lakini redio peke yako huizungumzi. Akaniomba niwe mnara. Mimi, kinyozi mstaafu! Nikakaa ukumbini chini na simu sikioni, yeye juu na simu yake, na mapajani kaniwekea kishikwambi chenye ramani, ati nimuone anavyokwenda, yeye ni kijidude chekundu.

Siku za mwanzo nilichoka kuliko siku za kunyoa mkesha wa Idi. Namwita, naam. Namwambia neno, kimya. Namuuliza kasikia, ananijibu ndio baba. Nikamwambia huku chini hakuna baba, pana mnara. Akasema sawa baba. Siku moja nikamtungia ndege nyengine ya watalii, nikaishusha uwanjani pamoja naye kwa kusahau, tukaua watu wote. Akashuka ngazi mbio, akaniambia kwa adabu zote kuwa mnara kama mimi ungefungwa maisha. Nikamwambia angenizuia kama angekuwa na ulimi.

Hapo nikaona dawa. Nikamwambia arudi juu, na neno nitakalolisema alirudie vile vile, amri ya mnara. Nikasema: Mmanga ni mzee mkorofi. Kimya. Nikasema tena. Akaniambia hawezi, astaghfirullah. Nikamwambia mafuta yanakwisha, ndege inaanguka, sema. Ikatoka kwa sauti ndogo kama ya kitoto cha paka: Mmanga ni mzee mkorofi. Nikasema: Mmanga ana upara na anakoroma msikitini. Akarudia, na hii akaitia chumvi kidogo. Nikasema: shangazi yangu Mwanakheir anapika wali wa kubandikia karatasi ukutani. Hiyo, dada, aliirudia mara mbili bila kuambiwa, nikamsikia anacheka mpaka kijiti kimemponyoka. Nisamehe, ulikufa shahidi.

Tangu hapo ulimi ukafunguka. Nikimwambia ashuke, anasema anashuka, na mpaka wapi. Tukatoka kwenye Kiswahili tukaingia Kiingereza chao, maana redio ndiyo lugha yake, nami nikayashika maneno kwa sikio kama nilivyokuwa nikishika nyimbo za Kihindi. Maana yake siijui, lakini maneno nayatoa.

Jambo moja alikuwa akilinung'unikia. Mimi namuuliza sana. Uko wapi? Unaona nini kushoto? Unakijuaje kuwa ni hicho? Siku aliyotia mvua na mawingu ndani ya kompyuta yake, alipotea upande wenu huko. Akaniita, akasema anaona maji tu. Nikamuuliza maji ya rangi gani. Akakasirika kidogo, akaniuliza si namuona kwenye ramani, kwa nini simwambii alipo? Nikamjibu kuwa mnara wangu hauoni, unasikia tu, kwa hivyo anieleze. Kisha akaanza polepole: maji meupe ya kina kifupi, mikoko imefanya weusi upande wa ndani, ufukwe umejikunja kama mkono uliokumbatia kitu. Akajijibu mwenyewe kuwa hiyo ni ghuba ya Chwaka, iko kushoto kwake, na anarudi mjini kwa kupitia Kizimbani. Nilitaka kulia. Nikamwambia amechelewa chai.

Alipokuja kunywa hiyo chai, alikichukua kishikwambi mapajani mwangu, akakigeuza, akanirudishia. Nikadhani anakipangusa vumbi.

Sasa kaa kitako, Mwanakheir.

Mimi sioni. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia limebaki kama mtu anayechungulia tundu ya kufuli, na tundu yenyewe inazibwa. Hizi herufi nazitafuta moja moja. Daktari kanipa matone, kasema yatalinda kilichobaki, kilichokwenda hakirudi. Nilimwambia sawa, hata nywele zangu zilisema hivyo hivyo. Kijidude chekundu cha Riyama sijakiona hata siku moja. Kila nilipomuuliza aliko, nilikuwa nauliza kweli.

Nimeficha kwa ufundi. Ngazi napanda na mkono ukutani, nasingizia magoti. Chai namwambia anitilie yeye kwa kuwa ya kwake tamu. Msikitini namfuata jirani yetu Hamid kwa kikohozi chake, na siku akipona nitapotelea Darajani. Nimechoka, ndugu yangu. Si upofu unaochosha, ni kujifanya. Lakini nilijua Riyama akijua, haendi tena popote. Atakunja kompyuta yake, akae hapa anishike mkono mpaka nife, na mimi sina haraka hiyo ya kufa, kwa hivyo fikiria hasara yake.

Jumanne Suhaib alipiga simu kuuliza kama yuko tayari, aende akapimwe na mnara wa kweli. Riyama akaanza sababu. Mara tumbo, mara hajazoea vizuri, mara arobaini ya mtu tusiyemjua. Nikamwambia turuke mara moja ya mwisho, akikosea hata neno, asiende.

Akaruka. Mji, Kizimbani, kwenu, Paje, akarudi. Kila nililomwambia alilirudia kama lilivyo, kwa sauti ya mtu mzima. Nikamruhusu kutua. Akairudia ruhusa yangu, kisha badala ya kunyamaza akaendelea, polepole, kwa Kiswahili. Akasema anapita juu ya Mji Mkongwe. Anaona mabati yenye kutu na minara ya misikiti. Anaona paa la nyumba yetu, Mkunazini, kamba ya nguo, na kofia yangu nyeupe ya vito vya kudarizi imeanikwa, na paka wa jirani amelala chini yake, mkia nje ya kivuli. Anaona kuwa anga leo ni safi, wingu moja tu upande wa bandari, umbo la birika.

Mwanakheir, nyumba yetu haimo kwenye kompyuta ile. Aliniambia mwenyewe. Kofia niliianika asubuhi ile kwa mkono wangu. Alikuwa dirishani, pale panapoonekana paa la chini, ndege kaiacha ijirukie, ananitazamia mimi.

Sikumuuliza tangu lini. Nikakumbuka alivyokigeuza kile kishikwambi; huenda nilikuwa nimekishika juu chini. Nikafanya nilivyomfundisha: nikayarudia. Paa, kamba, kofia, paka, mkia nje, wingu birika. Akasema ni sahihi. Halafu akasema naam, baba, kama zamani, na hatujasema zaidi mpaka leo naandika.

Kwa hivyo yeye anajua, nami najua kuwa anajua, na safari yake ni Jumatatu na begi bado liko juu ya kabati. Hatolishusha mpaka aone mtu kaingia mlango huu na mto wake wa kulalia. Mtu huyo ni wewe. Mwani mwachie mwenzio Ruqaya, jogoo mle. Njoo ukae nami. Wali wako nitakula bila kusema neno, na kama nikisema, sitoona unavyonitazama.

Wasalimie wote wa huko, mmoja mmoja, na Ruqaya mwambie namuombea mgongo wenye nguvu. Riyama angekusalimu, lakini hajui nakuandikia, au anajua na ananyamaza, siku hizi sina hakika na lolote.

Jibu mpe Mkubwa. Lakini usiniletee naam peke yake, nimechoka nayo. Yarudie maneno kama yalivyo, nijue umesikia: Mwanakheir anakuja, kabla ya Jumatatu, na mto wake.

Ni mimi kaka yako mkorofi,
Mmanga bin Turki