Chuoni Hawaombi Ruhusa

Dada Nadine,

Theluji imeyeyuka, na miche yangu ya nyanya imeota. Kadi yako ya mwaliko nimeilaza kifudifudi mezani. Tessa wako atapata cheti cha chuo Ijumaa, kabla hata hajamaliza sekondari! Nimeona wivu, dada. Yeye na marehemu Kaylin wangu walianza masomo hayo ya chuo pamoja, wakiwa bado wanafunzi wa sekondari.

Alipoileta kadi, Tessa alinichekesha. "Mama mdogo, siku ya kwanza Kaylin alinyoosha mkono: 'Profesa, naomba kwenda chooni!' Darasa zima likaangua kicheko. Profesa akamwambia, 'Binti, hapa chuoni, we nenda tu!'"

Kaylin hakuwahi kunisimulia. Hata kwa kicheko hicho nimemwonea wivu mwanao.

Nitakuja. Nikiinuka katikati ya sherehe, usinifuate. Chuoni hawaombi ruhusa.

Mdogo wako akupendaye,
Lorna